Nimebaki na mrija mmoja wa uzazi, na mama mkwe anasubiri kunipikia mtori

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31, ni fundi cherehani hapa Moshi, nashona sare za shule. Nimeolewa, huu ni mwaka wa nne. Mume wangu ana Noah yake, anapeleka abiria Arusha na kurudi. Hanywi, hanipigi, na hadi mwaka jana sikuwa na cha kumlalamikia.

Mwaka jana nilichelewa siku zangu, nikapima kwa kipimo cha duka la dawa, ikaja mistari miwili. Tulifurahi sana ila hatukumwambia mtu. Baadaye nikaanza kuona matone ya damu na maumivu upande wa kulia. Zahanati wakasema ni UTI, nikapewa dawa. Usiku uliofuata naosha vyombo, nikasikia kitu kimechanika tumboni, halafu bega likaanza kuuma. Bega, Shangazi, wakati shida iko tumboni! Nikaanguka pale pale kwenye karai. Mume wangu akanibeba hadi kwenye gari. Taa ya mafuta ilikuwa imewaka, ikabidi tupitie sheli. Nakumbuka alivyokuwa anamfokea kijana wa pampu. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipozinduka nikaambiwa mimba ilitunga nje ya kizazi, kwenye mrija wa kulia, mrija umepasuka na damu imejaa tumboni, kwa hiyo wameukata. Daktari alipita mbio, akasema mrija wa kushoto "umeshikanashikana kidogo" lakini ameuacha. Kabla sijauliza maana yake alishafika kitanda kingine. Nesi akaniambia, "Utazaa tu, Mungu yupo." Mpaka leo najiuliza kama kweli walishindwa kuuokoa ule mrija, au walifanya haraka tu.

Watu wa kwao mume wangu aliwaambia nimefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Aliona ndiyo kunistahi, na mimi sikuwa na nguvu ya kubisha. Mama mkwe akashuka kutoka Kibosho, akakaa nami, akanipikia, akaniogesha. Ni mama mwema, na kila siku nilikuwa namdanganya. Siku hizi akija na ndizi mshare ananiambia, "Hizi kula tu, za mtori wako ukijifungua ziko shambani zinasubiri." Wifi yangu naye anasema ni kile kitanzi nilichoweka tulipooana ndicho kimeniharibu. Nilishakitoa muda mrefu kabla ya mimba ile. Na Desemba tunapanda nyumbani, ukoo mzima utakuwepo.

Tangu mwaka huu uanze tunatafuta mtoto, au niseme natafuta mimi. Nikimwambia siku zangu za hatari zimefika, siku hiyo atachelewa kurudi, au atasinzia kwenye kochi na viatu. Nikisema twende tukapime, hana hela. Lakini hela ya kujaza tangi kila jioni anayo, hata kama kesho yake haendi popote. Nahisi ameshanikatia tamaa, labda kuna mwingine.

Mwezi wa kumi na moja VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, inavunja na kugawana, nitapata milioni mbili na kidogo. Yeye anataka tuongezee kwenye kiwanja. Kuna mama sokoni anauza dawa ya kuzibua mirija, ya unga ya kunywa na nyingine ya kuweka chini. Rafiki yangu anasema nisahau yote hayo, nidunduize niende Dar es Salaam nikapandikizwe mimba.

Na kuna jambo moja sijamwambia mtu. Nilipokuwa chuoni niliwahi kutibiwa ugonjwa wa zinaa. Usiku nawaza labda hii ndiyo adhabu yake.

Shangazi, mrija mmoja ulioshikana unaweza kunipa mtoto? Hela hii niipeleke wapi? Na nimwambie mama mkwe ukweli kabla ya Desemba, au nitakuwa nimemvua nguo mume wangu?

Msomaji wako, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla sijagusa mirija na hela, nikupe pole ya mtoto. Katika barua yako yote nimekutana na upasuaji, damu na kidole tumbo, ila sijaona mahali mtu alipokuja kukupa pole ya kupoteza mimba. Watu walikuja kumwona mgonjwa wa tumbo. Mliyekuwa mnamtarajia hakuna aliyemjua, kwa hiyo hakuna aliyewalilia naye. Ninyi wawili mmeubeba msiba huo bila hata kuuita msiba.

Umeniuliza maswali matatu. Naliona na la nne ambalo umelipitia kwa mbali: kama kosa ni lako. Nitafika huko, lakini nianze na mwili, maana hapo kuna mambo unayoyaogopa ambayo hayako hivyo unavyodhani.

Kwanza huo mrija uliokatwa. Mrija ukishapasuka na damu inamwagika tumboni, daktari anashindana na dakika, na kuuondoa mara nyingi ndiyo njia ya kuizuia damu na kumwokoa mama. Mimba ikigunduliwa mapema kabla ya kupasua kitu, kuna nafasi ya kuchagua: wengine hutibiwa kwa sindano ya methotreksati, dawa inayozuia mimba kuendelea kukua, bila kisu, wengine hupasuliwa mrija ukatolewa mimba na kuachwa. Wewe ulifika hospitali wakati wa kuchagua umeshapita. Na hata kwa wanaochagua, mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 446, wengi wao wa Ulaya, wenye mimba kwenye mrija mmoja huku mrija wa pili ukionekana mzima. Baadhi walikatwa mrija, baadhi wakaachiwa. Ndani ya miaka 3, walioachiwa waliopata mimba wenyewe bila kupandikizwa walikuwa kama 61 kati ya 100. Waliokatwa walikuwa 56. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema njia moja inaishinda nyingine. Wewe umekuwa ukijihesabu nusu ya mwanamke tangu siku ile, na hesabu ya mwili haiendi hivyo. Hata yai likitoka upande wa kulia, mrija wa kushoto unaweza kulifuata na kulidaka, kwa sababu ncha yake haijagandishwa mahali pamoja. Inajongea.

Sitakuficha lakini kwamba wale wanawake mrija wao wa pili ulikuwa mzima, na wako daktari alisema umeshikanashikana. Neno hilo linaweza kubeba mambo mengi. Wewe ni fundi, unajua sindano inavyoweza kupita na kushona kipande cha mfuko pamoja na kitambaa cha chini yake: nguo bado ni nguo, ila haifunguki inavyotakiwa. Makovu ya ndani hufanya hivyo. Yanaweza kuwa machache nje ya mrija na yai likapita bila taabu. Yanaweza pia kuubana au kuuziba kabisa. Daktari alikuona kwa dakika chache za dharura, akakutupia neno moja, na neno hilo umelala nalo hadi leo. Unastahili maelezo kamili.

Njia za kuyapata ziko zaidi ya moja. Ya kwanza haina maumivu: rudi hospitali uliyopasuliwa ukaombe taarifa ya upasuaji wako, ile aliyoiandika daktari mwenyewe baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Huko ndiko kulikoandikwa alichokiona upande wa kushoto. Ukiipata, ipeleke kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Mko Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC ipo hapo tangu mwaka 1971, na Mawenzi ni hospitali ya mkoa. Uliza utaratibu wa rufaa. Yeye anaweza kukushauri picha ya mirija, wanayoiita HSG. Hufanywa damu ya hedhi ikishakatika na kabla yai halijatoka: wanapitisha dawa ya majimaji kwenye mlango wa kizazi huku wakipiga eksirei, waone kama inatokea upande wa pili. Inauma kama tumbo la hedhi, kwa wengine zaidi. Na ujue mapema kwamba haisemi kila kitu. Wakati mwingine mrija hujikaza kwa ile bughudha, ukaonekana umeziba kumbe uko wazi. Kwa hiyo jibu baya la picha moja lisikufanye ufunge virago.

Mumeo naye apimwe mbegu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu katika barua yako nzima, kila mtu anaangalia tumbo lako. Katika ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu yake kuna tatizo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na la mwanamke. Kipimo hicho hakina kisu wala eksirei, na kwa kawaida ni nafuu kuliko picha ya mirija.

Halafu kuna kitu nilikisoma mara ya pili ndipo nikakiona. Unasema mnatafuta mtoto tangu mwaka uanze. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe, siku ambazo yai linaweza kupatikana ndizo siku ambazo mwenzio anachelewa au anasinzia. Basi bado hujui kama mrija umeshindwa. Huenda haujapewa nafasi.

Nije kwa lile la chuoni. Ni kweli klamidia na kisonono vinaweza kupanda juu na kuacha makovu kwenye mirija, na ni kweli makovu hayo yanaongeza uwezekano wa mimba kutunga nje. Klamidia hasa ni kimya, wanawake wengi wanayo na hawasikii chochote. Wewe uliumwa, ukaenda kutibiwa. Msichana wa chuo aliyekwenda hospitali alijitunza, na wengi huona aibu wakakaa nayo. Tena wanawake wengi waliopata mimba nje ya kizazi hawana sababu yoyote inayojulikana. Mambo ya Mungu unayajua wewe na Yeye, ila sijaona wapi ugonjwa wa makovu unachagua wenye dhambi na kuwaacha wengine. Daktari mwambie, maana kitamsaidia kujua aangalie nini, na siri yako kazini kwake inalindwa. Mumeo kumwambia au kutomwambia, hilo ni lako. Kumwambia kunaweza kukuondolea mzigo, kunaweza pia kuleta maswali siku ambayo hamna nguvu ya kuyajibu. Pima mwenyewe.

Kitanzi kilichokwisha kutolewa kabla hujashika mimba, sioni namna ya kukitwisha lawama hii. Mwenye kitanzi ndani hashiki mimba kirahisi. Akishika nacho kikiwa bado ndani, hapo ndipo uwezekano wa kuwa nje ya kizazi unakuwa mkubwa. Wewe haikuwa hivyo.

Sasa hela. Hiyo dawa ya kuzibua mirija, mwanangu, inanitia hofu na siwezi kuizungumza kwa upole. Mrija wa kulia haupo, hakuna unga utakaourudisha. Wa kushoto, kama una makovu, hayo ni nyama iliyoungana, na unga wa kunywa hauendi kuikata. Ile ya kuweka chini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kitu kisicho safi kikiingia huko kinaweza kuleta maambukizi, na maambukizi ndiyo yanayoharibu mirija. Unaweza kulipa hela yako kuharibu ulichobakiza.

Kupandikiza, rafiki yako hajakosea kukitaja. Teknolojia hiyo ilianzia kwenye shida kama hii: Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hiyo, alizaliwa Uingereza mwaka 1978 na mama ambaye mirija yake ilikuwa imeziba. Yai linakutanishwa na mbegu maabara, kisha kiinitete kinawekwa kwenye mfuko wa uzazi, mrija haupitiwi. Lakini gharama yake inazidi sana hiyo ya VICOBA, hakuna anayeweza kukuahidi kwamba mara moja itatosha, na kabla ya kuifikia bado watakuuliza majibu ya vipimo hivi hivi. Kuna mwanamke ambaye kwake ndiyo njia ya kwanza. Kuna ambaye angeiendea haraka akauza hadi cherehani, kumbe angeshika mimba nyumbani. Hujajua bado wewe ni yupi. Na kiwanja cha mumeo usikione ni adui wa mtoto. Huenda kwake kuwatafutia mahali ndiyo namna yake ya kuwaza watoto.

Mumeo. Umeniambia mambo mawili mbalimbali kwenye barua yako, na sijui kama umewahi kuyaweka pamoja. Usiku ule gari halikuwa na mafuta, akasimama sheli na wewe unamtoka mkononi. Na siku hizi gari halilali bila tangi kujaa, hata kama kesho haendi safari. Mimi simjui, naweza kukosea, na inawezekana kuna mwingine kama unavyohofu. Lakini soma tena kama unasoma barua ya mtu mwingine. Wewe ulizimia, yeye hakuzimia. Aliona yote, akasaini karatasi, akakaa kwenye benchi la korido hajui kama atatoka na mke. Mwanamume anayekwepa siku za hatari anaweza kuwa amekinai. Anaweza pia kuwa anaogopa kwamba mimba nyingine itakuua, na hajui amwambie nani. Ukimuuliza "kwa nini hutaki mtoto" atajitetea. Ukimuuliza usiku ule ulikuwaje kwake, sijui atajibu nini. Huenda asijibu siku hiyo. Mwende pamoja kwa daktari hata kama hajakubali kupimwa, asikie kwa masikio yake kinachoweza kufanywa mapema.

Maana kipo. Mwanamke aliyepata mimba nje ya kizazi mara moja, ana uwezekano wa kama 10 kati ya 100 ijirudie. Si jambo dogo, na wale 90 mimba yao haitungi nje. Unachofanya ni kutosubiri. Ukichelewa siku zako, pima mara moja, na ukiwa na mimba nenda ukafanyiwe ultrasaundi mapema, karibu na wiki ya 6 au 7, ionekane iko wapi. Kabla ya hapo, damu kidogo, maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, bega: hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza mapokezi liwe "niliwahi kupata mimba nje ya kizazi", ili asije mtu akakuandikia dawa za UTI. Jua kundi lako la damu. Kama ni hasi, waambie, kuna sindano inayohusika. Na uanze vidonge vya foliki asidi sasa, kabla ya mimba.

La mama mkwe nimelichelewesha kwa sababu ndilo gumu kwangu.

Kidole tumbo kilikuwa cha kuwalinda, wakati mko hoi. Jiulize leo kinamlinda nani. Ukimwambia mama ukweli, unaweza kupata mtu wa kusimama nawe mbele ya wifi na mbele ya ukoo mzima Desemba. Mwanamke aliyekuogesha ukiwa na mshono, hata angejua ni mshono wa nini, sidhani angekumwagia maji baridi. Lakini unaweza pia kukuta habari imefika kihamba cha jirani wa tatu kabla hujashuka mjini, na watu wakaanza kuhesabu mirija yako kwenye pombe. Hilo nalo hutokea. Ukikaa kimya, unailinda faragha yako, ambayo ni haki yako kabisa, ila itabidi upokee zile ndizi na tabasamu kila mara, na mama ataendelea kusema neno linalokuchoma bila kujua anakuchoma.

Kati ya hayo mawili kuna mengine. Mumeo ndiye aliyesema kidole tumbo, na ni mama yake. Anaweza kuwa yeye wa kulirekebisha, peke yake na mama, kabla ya Desemba, bila kikao. Au akamwambia nusu tu: kwamba mlipoteza mimba, na kwamba asiulize kwa sasa. Ukimtangulia wewe, hata kwa nia njema, anaweza kuona umemvua nguo kama unavyohofu. Ukimwachia yeye, anaweza kuahirisha hadi Pasaka. Kama angekubali, mngependa mama ajue kiasi gani, na wifi asijue nini? Hilo ninyi wawili tu ndio mnaoweza kulikata, na pengine mazungumzo hayo yakawa rahisi kuanza kuliko ya kitandani.

Ukishaongea naye, au ukishindwa, niandikie tena.